Saa ya Sala Ugenini

Kutoka Chumbageni, Tanga mjini, hadi Msalabani si safari ya kubebea masurufu. Hadi Muheza ni kama kilomita 35 tu, na ukishashuka unashika njia ya Magila, katikati ya michungwa na minazi, mpaka litokeze kanisa la mawe. Magila ni jina la wenyeji. Msalabani ni jina la misheni, kwa kuwa kanisa lenyewe ni la Msalaba Mtakatifu. Watu wa Tanga hutumia majina yote mawili wala hakuna anayepotea njia.

Zamani njia hiyo ilikuwa ndefu. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896. Kabla ya hapo mgeni aliyeshuka pwani alikwenda kwa miguu, na akizidiwa na homa alibebwa kwa machela. Wengi katika wageni hao waliandikwa vitabuni: maaskofu, mapadre, mafundi wa kujenga. Wanawake waliopita njia hiyo hiyo wametajwa kwa mstari mmoja mmoja, na mara nyingi mstari wenyewe unahusu kufa kwao.

Mwaka 2026 Chama cha Mariamu Mtakatifu, shirika la watawa wanawake wa Kanisa Anglikana, kinatimiza miaka 80. Kilizaliwa Masasi mwaka 1946, lakini shirika lililokilea lilikuwa limeota mizizi Msalabani, na ukoo wenyewe ukifuatwa nyuma unafika Unguja, katika shamba la Mbweni. Leo kina nyumba zake Masasi na Newala, Mtwara na Liuli, Njombe, Ilala jijini Dar es Salaam, Korogwe na Tanga. Na kimevuka mpaka hadi Zambia. Maana yake ni kwamba binti wa Tanzania aliyevaa vazi la utawa naye ni mmisionari aliye mbali na kwao, kama walivyokuwa akina Bibi wa Kizungu waliowafundisha bibi zake kusoma. Kilichowashikilia wote, tangu wa kwanza hadi wa leo, ni mambo mawili yasiyopigiwa tarumbeta: kuombeana kwa majina, na kuandikiana.

Habari inaanza kwa msiba.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge akawataka vijana wa vyuo vikuu waende Afrika. Kutokana na mwito huo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile ambayo wazee wa Tanga na Zanzibar bado huiita UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda na wenzake bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo. Dada yake mkubwa, Anne, aliyekuwa amekwisha kuishi naye Natal, alifuata nyuma ili amtunzie nyumba na kufundisha wanawake na watoto. Alisafiri pamoja na mke wa padre Henry Burrup, aliyekuwa amefunga ndoa muda mfupi tu kabla ya mumewe kutangulia. Katika meli hiyo alikuwamo pia Mary Livingstone, akimfuata mumewe.

Hawakujua kwamba Mackenzie na Burrup, wakiteremka mto kuwalaki, walikuwa wamepinduliwa mtumbwi na kupoteza dawa zao zote, kwinini ikiwamo. Mackenzie alifariki kwa homa tarehe 31 Januari 1862, mahali mto Ruo unapoingia Shire. Burrup alijikokota hadi kambini naye akafa mwezi uliofuata. Wanawake wale wawili walipanda mto siku baada ya siku, wagonjwa, wakitazamia kukutana na wapendwa wao kila kona ya maji. Walipofika juu waliambiwa kwamba mmoja hana tena kaka na mwingine hana tena mume. Mwezi Aprili mwaka huo huo Mary Livingstone naye akazikwa Shupanga, kando ya Zambezi.

Anne Mackenzie alirudi Uingereza akiwa amedhoofika mwili. Mtu angemsamehe kama asingetaka tena kusikia neno Afrika. Lakini mwaka 1866 alianzisha jarida dogo, The Net, akalihariri kwa miaka mingi hadi karibu na kufa kwake mwaka 1877. Kazi ya jarida hilo ilikuwa kukusanya habari za walio mbali na kuwapelekea walio nyumbani, ili hawa wajue wamwombee nani, kwa lipi, na wachange nini. Hakuweza kurudi Shire, basi akaifanya meza yake ya kuandikia kuwa mahali pa kuwashika mkono wanawake aliojua wanapitia nini. Hapo ndipo inapostahili kuanza historia ya kutiana moyo katika misheni hii, kwa mwanamke aliyeshindwa kufika kwenye kazi na bado akaifanya.

Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Mwaka uliofuata dada yake, Helen Tozer, akamfuata. Alikuta mji wenye soko la watumwa lililokuwa likiuza watu hadharani, na nyumbani alikuta watoto waliookolewa majahazini, wasio na wazazi, wasio na lugha moja. Yeye ndiye aliyeanza kuwalea na kuwafundisha wasichana. Barua zake na za kaka yake zilikuja kuchapishwa mwaka 1902, na zinasomeka kama habari za nyumba kuliko ripoti ya kazi: nani anaumwa, nani kajifunza kushona, meli ipi imeonekana.

Meli. Mtu wa leo anayetuma ujumbe kwa simu kutoka Chumbageni na kujibiwa kabla chai haijapoa hawezi kuyapima mambo hayo kwa urahisi. Kabla ya mwaka 1872 hapakuwa na meli ya posta yenye ratiba ya kufika Unguja. Barua ilingoja chombo chochote kitakachopita. Mwaka huo kampuni ya British India ikaanza kuleta posta kila mwezi kupitia Aden, na waya wa telegrafu ukaunganishwa mwaka 1879. Hata hivyo mtu akifiwa na mama yake Uingereza alipata habari wiki nyingi baada ya mazishi. Alikuwa amemwombea uzima marehemu siku zote hizo.

Kwa sababu hiyo sala ilikuwa na kazi ambayo barua haikuweza kuifanya. Barua huchelewa, lakini saa ya sala ilijulikana pande zote mbili. Aliyeko Unguja alijua kwamba jioni fulani, katika parokia fulani, jina lake linasomwa. Kuanzia mwaka 1883 UMCA ilitoa jarida la kila mwezi, Central Africa, na misheni ilichapa karatasi za maombezi ambazo wafuasi wake nyumbani walizitia ndani ya vitabu vyao vya sala. Kusomwa jina ni jambo dogo machoni pa mtu aliyezungukwa na ndugu, ila kwa mwanamke aliyelala na homa Magila, asiyeelewa vizuri maneno ya wanaomuuguza, lilikuwa kamba ya kushikia.

Anayemtafuta mwanamke aliyeibadili misheni hii kwa muda mrefu kuliko askofu yeyote atamkuta Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar. Caroline Thackeray, wa ukoo mmoja na mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray, alifika mwaka 1877 kuongoza shule ya wasichana. Hakuondoka. Alifia huko huko mwaka 1926, baada ya takriban miaka 50, akiwa ameona masultani wakipita, utumwa ukipigwa marufuku, na wanafunzi wake wakiwa mabibi wenye wajukuu. Kanisa la Mtakatifu Yohana pale Mbweni bado linasimama. Shule imekuwa magofu, na watalii hupiga picha mbele ya matao yake.

Masharti ya UMCA yalikuwa makali. Mmisionari hakulipwa mshahara. Alipewa chakula, malazi, na posho ya paundi 20 kwa mwaka. Alitakiwa kukaa bila ndoa, na anayeoa au kuolewa aliondoka kazini. Wanaume walioishi hivyo walihesabiwa kuwa mashujaa. Mwanamke wa Uingereza ya wakati ule aliyekataa kuolewa ili aende kufundisha watoto waliokuwa watumwa alionekana na ndugu zake kama mtu aliyepotea njia. Hakuwa na mume wa kumlilia wala mtoto wa kumchekesha. Aliyebaki naye ni Bibi mwenzake wa chumba cha pili, na kama hawakupatana, siku zilikuwa ndefu mno. Ndiyo maana sala ya pamoja, asubuhi na jioni, ilikuwa zaidi ya wajibu wa dini. Watu wawili walionuniana mchana walilazimika kupiga magoti ubavu kwa ubavu kabla ya kulala.

Wenyeji nao walikuwa na la kuwafundisha. Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina mfano wake, nalo ni pole. Mgonjwa huambiwa pole, aliyejikwaa huambiwa pole, anayefanya kazi hupewa pole ya kazi. Watoto wa Mbweni, waliokuwa wamepoteza kila mtu, ndio waliowapa pole akina Bibi walipozika wenzao. Vitabu vya misheni husimulia sana jinsi wageni walivyowafariji Waafrika, ila upande wa pili wa faraja hiyo hukaa kimya.

Mabinti wa Mbweni hawakuishia Mbweni. Waliofundishwa ualimu waliolewa na vijana wa chuo cha Kiungani, wakatumwa nao bara: Magila na vijiji vya Bonde kwa upande huu, Masasi na Newala kwa upande wa kusini. Huyu ndiye mmisionari mwanamke ambaye historia imemsahau zaidi ya wote. Hakutoka Ulaya, kwa hiyo hakuna aliyemwita mmisionari. Lakini mji alioujua ni Unguja, lugha yake ilikuwa Kiswahili, na alikokwenda watu walisema Kibondei, Kiyao au Kimakonde, wakila vyakula asivyovizoea na kumwona yeye ni mtu wa pwani.

Mfano mmoja unajulikana. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kukombolewa, alimwoa Lucy, binti wa Mbweni. Mwaka 1886 wakatumwa Chitangali, kwa jumbe Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 Majaliwa akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hiyo. Walikaa huko zaidi ya miaka kumi. Majaliwa alikuwa amerudi kwa watu wa kabila lake. Lucy ndiye aliyekuwa ugenini. Alilea watoto wake mbali na dada zake wa Mbweni. Ni haki kusema kwamba kanisa la Chitangali lilisimama juu ya mabega mawili, ingawa jina lililochongwa ni moja.

Mtu wa uzao wao, John Ramadhani, aliwekwa kuwa Askofu wa Zanzibar na Tanga mwaka 1980, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Tanzania. Waumini wa Tanga waliopokea kipaimara mikononi mwake walikuwa wakiwekewa mikono na damu ya Mbweni, labda bila wenyewe kujua.

Tukirudi nyuma, Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar, dayosisi iliyokuwa na visiwa pamoja na nchi ya Bonde na Usambara. Alikuwa mtu wa moto: mkali katika mafundisho, mwepesi wa kubishana na maaskofu wenzake, na mwenye mapenzi makubwa kwa watu wake. Aliona vizuri udhaifu wa mpango wa zamani. Mwanamke mmoja mmoja alikuja, akajifunza lugha, akazoea watu, halafu homa au ndoa ikamwondoa. Aliyefuata alianza upya kwa alifu. Mwaka 1911 akaanzisha Unguja shirika la watawa wanawake, Community of the Sacred Passion, yaani Shirika la Mateso Matakatifu.

Katika shirika hilo sala ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza, na hospitali na shule zilifuata. Kwa masikio ya watu wa vitendo hilo lilisikika kama anasa, kwani wagonjwa wamejaa barazani na masista wako kanisani. Lakini Weston alikuwa amewaona wengi waliochoka hadi roho ikakauka, wakabaki na kazi bila sababu ya kuifanya. Saa za sala ziliigawa siku ya masista kama nguzo zinavyogawa ukumbi, na kati ya nguzo na nguzo ndipo palipokaa kidonda cha kufungwa, mtoto wa kufundishwa, mama wa kuzalishwa. Hata jina lilikuwa na maana kwa wauguzi: atazamaye mateso ya Kristo asubuhi hataona ajabu kukutana nayo wodini mchana.

Shirika lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu vita vilipoanza. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kutoka baharini wakashindwa vibaya, katika vita ambavyo wazee huvikumbuka kwa nyuki walioshambulia askari. Kwa Wajerumani, mmisionari wa Kiingereza alikuwa adui. Wamisionari wa UMCA waliokuwa bara, wanawake kwa wanaume, walikamatwa na kupelekwa mbali, hadi Tabora, wakakaa kizuizini mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Walimu Waafrika wa misheni walipata mabaya zaidi: walifungwa minyororo, wakapigwa, wengine wakafa. Weston, aliyekuwa Unguja upande wa Waingereza, alitengwa kabisa na nusu ya dayosisi yake. Baadaye alikwenda bara akiongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar.

Katika miaka hiyo miwili hapakuwa na posta kati ya Unguja na Magila, wala jarida, wala karatasi ya maombezi. Vijiji vya Bonde viliendelea kusali chini ya mapadre na walimu wa Kiafrika waliosalia, na wake zao ndio waliowatunza watoto wa waliofungwa. Wanawake wa misheni walipoachiwa na kurudi, walikuta kanisa halikufa.

Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 katika nyumba yake ya Hegongo, karibu na Magila, siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Masista wake walibaki na Msalabani ikawa kitovu chao upande wa bara. Walifundisha, waliuguza, wakaenda Korogwe na nchi ya Wazigua. Kwa Mkono, wilayani Handeni, walisaidia hospitali na kuanzisha hosteli ya watoto waliopooza kwa polio. Kabla chanjo haijaenea, mtoto wa Handeni aliyepooza miguu alitambaa uani mpaka utu uzima. Hosteli ilimpa mahali pa kukaa, kumvalisha vyuma vya miguu, kumfundisha kusimama, na kumpeleka shule. Kazi ya namna hiyo haina siku ya kumalizika wala sherehe ya kukabidhi. Mtoto mmoja huchukua miaka. Ili mtu aifanye bila kukata tamaa, lazima awe na chemchemi ya kurudia, na masista waliirudia kila zilipopigwa kengele zao.

Mwaka 1946 wakafanya jambo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote waliyofanya: wakasimamia kuzaliwa kwa shirika la watawa Waafrika huko Masasi. Likaitwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, kwa jina refu zaidi la Mariamu wa Nazareti na Kalvari.

Inafaa kukaa kidogo kwenye ugumu wa jambo hilo. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa kusini, msichana ni mlango wa ukoo. Asipozaa, kuna jina litakalokosa wa kulirithi. Binti aliyesema anataka kuweka nadhiri za ufukara, useja na utii alikuwa anawaambia wazee wake kwamba mlango huo utafungwa. Akina Bibi wa Ulaya walikuwa wameacha ndugu zao ng'ambo ya bahari, wakabishana nao kwa barua. Binti wa Masasi alikutana na shangazi zake sokoni. Alihitaji wenzake wa kumtia moyo leo na kesho na keshokutwa, na chama kilimpa hao: dada wakubwa, dada wadogo, na Mama wa chama, majina ya nyumbani katika nyumba mpya.

Maisha yao hayana siri. Wanasali kwa pamoja kwa saa zilizopangwa, wakitumia Kitabu cha Sala cha Zanzibar cha Kiswahili. Wananyamaza kwa vipindi. Wanafanya uinjilisti, wanawatembelea wagonjwa na wajane, wanalea watoto. Wanaoka hosti, wanatengeneza mishumaa, wanashona mavazi ya ibada. Wanalima na kufuga ng'ombe. Parokia nyingi za Kianglikana zinaumega mkate uliookwa na mikono hiyo.

Halafu wanatumwa. Hapa ndipo neno ugenini linapopata sura mpya. Kutoka Masasi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 800, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mtu wa kusini alivuka Rufiji kwa pantoni. Masika yakizidi, barabara ilifungwa kabisa. Sista aliyetumwa Korogwe au Tanga mjini miaka hiyo alikuwa kwenye nchi yake mwenyewe, akisema lugha ya taifa lake, na bado barua ya mama yake ilichelewa kama za Helen Tozer. Alikuta pwani ya watu wanaosalimiana kwa shikamoo ndefu, mji wenye misikiti mingi, majirani Waislamu ambao humletea sahani ya futari Ramadhani ikifika. Ujirani wa namna hiyo ni sehemu ya kutiwa moyo ambayo vitabu vya misheni havijui kuiandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Na mara nyingi mgeni ndiye aliyepona kwanza.

Wengine wakaenda mbali zaidi. Fiwila ni misheni ya zamani ya UMCA katika wilaya ya Mkushi, Zambia ya kati, nchi ya Walala, ambako Kibemba nacho husemwa na wengi. Masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu waliitwa huko, wakaenda. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita Mkushi, kwa hiyo leo safari yenyewe inawezekana kwa tiketi moja. Lakini kushuka kituoni ni mwanzo tu. Kiswahili alichokulia sista si lugha ya sokoni kule. Nshima ni ugali, ila kisamvu hakina nazi. Jina la Bwana hutamkwa kwa neno jingine. Sista wa Kitanzania anajifunza kusalimia upya akiwa mtu mzima, anakosea, watoto wanacheka, anarudia. Yote haya yaliwahi kumpata mwanamke wa Kizungu alipotua Mbweni, na watoto waliocheka siku ile walikuwa mababu wa kanisa lililomtuma huyu.

Desturi ya kuombeana haikubadilika. Nyumba ya Tanga na nyumba ya Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, haziwezi kuonana, lakini zinasali sala zile zile za kitabu kile kile, na aliyeko Fiwila anajua kengele ya Masasi inalia saa ngapi. Simu imeongeza sauti juu ya hilo. Sista akiugua Mkushi, Mama wa chama anajua siku hiyo hiyo. Barua haijafa kabisa, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema simuni huku wenzake wanasikia.

Wanawake wa madhehebu mengine ya Tanga nao wana historia inayofanana na hii. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walianza kazi Tanga mwaka 1890 na kupanda Usambara. Madikoni wanawake wa Kijerumani waliowafuata walikuwa na nyumba yao mama kule Bielefeld iliyowaombea kwa majina. Na kila Ijumaa ya kwanza ya Machi wanawake wa makanisa mbalimbali hukutana kwa Siku ya Maombi ya Dunia. Siku hiyo ina asili katika maombi ya wanawake wa Marekani kwa ajili ya misheni, yaliyoitishwa mwaka 1887, ikafanywa ya dunia nzima mwaka 1927. Sala za siku hiyo huandikwa na wanawake wa nchi moja na kusomwa na wengine wote. Za mwaka 2026 zimetoka Nigeria. Anne Mackenzie angeuelewa mpango huo mara moja.

Kwa upande wa Msalabani, mambo yalifika mahali pa kuagana. UMCA yenyewe iliungana na SPG, shirika jingine la misheni la Kianglikana, mwaka 1965 kuwa USPG. Kanisa la Tanzania likawa na maaskofu wake, na Chama cha Mariamu Mtakatifu kikajitawala chini ya Mama Mwafrika. Masista wa Mateso Matakatifu waliona kazi waliyoijia sasa ina wenyewe. Wakaondoka, wakarudi Uingereza, wakamwacha mmoja wao aliyebaki Tanzania. Si kila shirika hujua saa ya kuondoka, na hili lilijua. Waliozeeka katika jua la Bonde walimalizia siku zao kwenye baridi ya Uingereza, nchi ambayo wengine walikuwa wameiacha wakiwa wasichana. Huko nako walipokea wakimbizi na waomba hifadhi, watu ambao kilio chao cha ugeni walikijua bila kufasiriwa. Msaada wao kwa Tanzania, pamoja na ule wa hosteli ya Kwa Mkono, wameupitisha mikononi mwa masista wa Chama cha Mariamu.

Mwelekeo wa maombezi nao umegeuka. Miaka 150 iliyopita jina la Mwingereza aliye Unguja lilisomwa katika parokia za Uingereza. Sasa, katika nyumba za Masasi, Korogwe na Tanga, masista Watanzania wanapofungua Kitabu cha Sala cha Zanzibar jioni, miongoni mwa wazee, wagonjwa na marehemu wanaowaombea wamo wanawake wa Kiingereza waliowalea. Wanaombewa kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliisema kwa miaka mingi kuliko walivyosema ya kwao.

Kule Muheza msimu wa machungwa ukifika, gari za kurudi Tanga hujaa magunia hadi kwenye ngazi. Sista anayerudi mjini kutoka Msalabani hubanana na abiria wengine, mfuko wa hosti mapajani, akiushika kwa mikono miwili zisivunjike.